Mkaguzi ameandika kuwa mashine yangu si mpya: je, niachane na ombi la hataza?

Swali: "Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma huku Kaloleni. Nimetengeneza mashine ya kufua nazi inayoendeshwa na mota ndogo, na nazi kubwa kwa ndogo hupita bila kupasuka. Roli moja imeshikwa na springi, nayo imeungana na kilango cha juu ili nazi nyingine isiingie mpaka ya kwanza itoke. Miezi minne kabla ya kupeleka ombi KIPI, taasisi ya mali ya viwandani ya Kenya, niliweka video ya mashine hiyo mtandaoni na watu wengi waliitazama. Ombi niliandika mwenyewe, sasa ni zaidi ya miaka miwili, na ada ya ukaguzi nimelipa. Juzi nimepokea barua ya mkaguzi inayosema mashine yangu si mpya wala haina hatua ya uvumbuzi, na imetaja hati moja ya India yenye roli mbili za meno. Rafiki yangu anasema hapo nimeshakataliwa, nisitupe pesa zaidi. Mwingine ananishauri niombe cheti cha modeli ya matumizi kwa sababu eti hicho hakikaguliwi. Na kuna kampuni ya Dar es Salaam inayotaka kununua hataza yangu ya Afrika Mashariki. Nifanye nini, na je, ile video imeniharibia? Nimekuambatishia dai langu la kwanza na michoro."

Ndugu msomaji, nimesoma barua yako na viambatisho vyake zaidi ya mara moja, na jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba hujakataliwa. Barua uliyopokea ni taarifa ya ukaguzi. Mkaguzi anakueleza pingamizi alizoziona na kukupa muda wa kuzijibu kwa hoja, kwa kurekebisha madai yako, au kwa vyote viwili. Maombi mengi yanayoishia kupata hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kutengeneza uvumbuzi wako kwa muda fulani, hupitia barua kama hiyo, mengine zaidi ya moja. Kinachoua ombi katika hatua hii mara nyingi ni kimya cha mwombaji, ambaye huona maneno "si mpya," akavunjika moyo, akaiweka barua kabatini hadi muda ukapita. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, itafute tarehe ya mwisho ya kujibu iliyoandikwa kwenye barua yako, uiandike mahali utakapoiona kila siku. Ukiona muda hautoshi, omba nyongeza kwa maandishi mapema, wala usingoje tarehe ipite.

Sasa tuangalie kilichotokea. Watu wengi hudhani mkaguzi huichukua mashine nzima, akaipima kwa jicho na kuamua kama ni kazi nzuri. Hafanyi hivyo, na hata ukimpelekea mashine yenyewe mezani haitabadilisha uamuzi wake. Anachokagua ni madai, yaani zile sentensi zilizo na namba mwishoni mwa ombi, zinazoeleza ni kitu gani hasa unataka watu wengine wazuiwe kukitengeneza. Hulichukua dai la kwanza, akalivunja sehemu moja moja, kisha akatafuta katika hati za dunia nzima kama kuna hati moja iliyokwisha kueleza sehemu zote hizo kwa pamoja. Akiipata, dai hilo si jipya, hata kama mwombaji hakuwahi kuiona hati hiyo na alifika hapo kwa akili na jasho lake mwenyewe. Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001 hupima upya wa uvumbuzi kwa kipimo cha dunia, wala si cha Kilifi au cha Kenya peke yake.

Dai lako la kwanza linasema hivi: "Mashine ya kufua nazi yenye fremu, mota, na roli mbili zenye meno zinazozunguka kwa mielekeo ya kinyume ili kutenganisha makumbi na kifuu." Lisome taratibu kama angelisoma mtu asiyekujua. Springi iko wapi? Kilango kiko wapi? Hakuna. Umeidai mashine ambayo mafundi wa India, Sri Lanka na Ufilipino wameijua kwa miaka mingi, na kile ulichokibuni wewe umekiacha nje ya dai. Mkaguzi aliyekuandikia amefanya kazi yake sawasawa, kwa sababu hati ya India ina fremu, ina mota, ina roli mbili za meno zinazozunguka kinyume, na hutenganisha makumbi na kifuu. Kwa maneno uliyoandika, hukumwachia njia nyingine.

Habari njema ni kwamba kitu chako kimo ndani ya ombi. Mchoro wa pili unaonyesha roli ya kushoto ikiwa imefungwa kwenye mkono, springi ikiusukuma mkono huo, na ubao mwembamba ukitoka kwenye mkono kwenda kwenye kilango. Maelezo yako yanalitaja jambo hilo kwa ufupi sana, lakini yanalitaja. Hii ndiyo nukta inayoamua kesi yako, kwani sheria inakuruhusu kurekebisha madai mradi usivuke kile kilichokuwemo katika ombi siku ulipoliwasilisha. Kama springi na kilango vingekuwa kichwani mwako tu, au kwenye mashine iliyoko karakanani bila kuandikwa wala kuchorwa, ningekuambia kwa masikitiko kwamba huwezi kuviingiza sasa.

Dai lililorekebishwa linaweza kusomeka hivi: "Mashine ya kufua nazi yenye fremu, mota na roli mbili zenye meno zinazozunguka kwa mielekeo ya kinyume, ambamo roli mojawapo imefungwa kwenye mkono unaosukumwa na springi kuelekea roli ya pili, na ambamo mkono huo umeunganishwa na kilango cha kuingizia nazi kwa namna ambayo roli inaposukumwa nyuma na nazi kilango hufunga, na nazi inapotoka kilango hufunguka." Sikushauri ulinakili jinsi lilivyo, kwa sababu sijaiona hati yote ya India. Nimeliandika ili uone tofauti. Dai hili ni jembamba kuliko la kwanza, lakini linasimama juu ya kitu chako mwenyewe. Tena usilibane kuliko inavyohitajika. Ukiandika kwamba springi ni ya chuma yenye urefu wa sentimita kadhaa, jirani yako ataweka mpira mahali pa springi na hutakuwa na la kumwambia. Ingekuwa vyema maelezo ya awali yangesema "kitu kinachonyumbuka, kama vile springi," lakini kwa kuwa yanasema springi tu, mkaguzi ana haki ya kukukatalia upanuzi huo leo.

Pingamizi la pili, la hatua ya uvumbuzi, ni gumu zaidi, na ndipo ningependa uweke nguvu zako nyingi. Hapa mkaguzi anaruhusiwa kuunganisha hati mbili au tatu na kuuliza: je, fundi wa kawaida wa fani hii, mwenye ujuzi lakini asiye na ubunifu wa pekee, angeona ni jambo la wazi kuziunganisha na kupata kitu hiki? Roli inayosukumwa na springi ili kupokea vitu vya ukubwa mbalimbali ni jambo linalojulikana katika mashine za aina nyingi. Ukitetea springi peke yake, ninahofia utashindwa. Nguvu yako iko kwenye uhusiano wa springi na kilango, yaani kule kusogea kwa roli ndiko kunakotoa amri ya kufunga njia, bila kifaa kingine na bila mtu kusimama hapo akihesabu nazi. Ukiweza kuonyesha kwamba uhusiano huo unatatua tatizo ambalo hati ya India haikulitatua, la nazi mbili kuingia pamoja, roli kukwama na kifuu kupasuka, una hoja ya kweli.

Jibu lako basi liandikwe kwa mpangilio wa barua ya mkaguzi, pingamizi moja baada ya jingine, bila kuruka hata dogo. Kwa kila rekebisho, taja ukurasa na mchoro wa ombi la awali ambamo jambo hilo limo, ili asilazimike kulitafuta. Kisha eleza tofauti kwa lugha ya fundi: "Katika hati iliyotajwa, roli zote mbili zimefungwa zisisogee na nazi huingizwa kwa mkono moja moja, hakuna sehemu inayounganisha mwendo wa roli na njia ya kuingizia nazi." Sentensi kama hiyo, ikiwa ni ya kweli, ina uzito kuliko kurasa kumi za kulalamika. Kama ulifanya majaribio, ukafua nazi za ukubwa tofauti ukiwa umekiweka kilango na ukiwa umekiondoa, ambatisha matokeo yake. Hayataingia ndani ya ombi, lakini yanaweza kumsaidia mkaguzi kuelewa faida unayoidai. Wala usimwandikie kwa hasira au kwa kuomba huruma. Yeye hana kinyongo nawe. Ana maneno yako mkononi na hati nyingine pembeni yake.

Kabla ya kuandika hayo yote, isome hati ya India mwenyewe, pamoja na michoro yake. Tovuti za Espacenet na Patentscope zinakuruhusu kufungua hati za hataza bila malipo. Nakushauri pia utafute kwa alama ya mfumo wa kimataifa wa uainishaji, A23N 5/03, ambayo ndiyo inayokusanya mashine za kufua na kuvunja nazi. Utazikuta mashine nyingi sana, na baadhi yake zitakufanya ukae kimya kwa muda. Ni afadhali ukutane nazo leo kuliko ukutane nazo mahakamani baada ya kupata hataza, kwani hataza iliyotolewa inaweza kubatilishwa ikithibitika kwamba uvumbuzi haukuwa mpya. Ukiiona mashine yenye kilango kilichounganishwa na roli kama chako, basi ushauri wangu unabadilika, nami ningekuambia usitumie pesa zaidi kwenye hataza.

Kuhusu modeli ya matumizi, huyo mwingine aliyekushauri amepatia nusu. Ni ulinzi uliowekwa kwa ajili ya maboresho ya kivitendo kama yako, na faida yake kubwa nchini Kenya ni kwamba haidai hatua ya uvumbuzi. Inadai kitu kiwe kipya na kiweze kutumika viwandani. Lakini hapo hapo ndipo penye mtego: ukilihamisha dai lako la kwanza jinsi lilivyo kwenda kwenye modeli ya matumizi, bado si jipya na hati ya India bado ipo. Kwa hiyo kurekebisha dai hakuepukiki, njia yoyote utakayoifuata. Tofauti nyingine ni ya muda. Hataza hudumu miaka 20 tangu tarehe ya kuwasilisha ombi, mradi ada za kila mwaka zilipwe, ilhali cheti cha modeli ya matumizi hudumu miaka 10 tangu kilipotolewa na hakihuishwi.

Sheria inaruhusu kuligeuza ombi la hataza kuwa la modeli ya matumizi huku likibaki na tarehe yake ya awali, lakini ni lazima ufanye hivyo kabla hataza haijatolewa au kukataliwa. Maoni yangu ni kwamba ujibu kwanza kwa dai lililorekebishwa, ukipigania hataza. Mkaguzi akikubali kwamba ni mpya lakini akabaki na shaka juu ya hatua ya uvumbuzi, geuza ombi mara moja kabla hajaandika uamuzi wa mwisho. Kwa mashine ya aina hii, ambayo wenzako wa jua kali wataiboresha tena baada ya miaka michache, ulinzi wa miaka 10 si kitu cha kudharau. Na endapo ombi litakataliwa kabisa nawe unaamini mkaguzi amekosea, ipo njia ya kukata rufaa kwenye Mahakama Maalumu ya Mali ya Viwandani, ingawa huko usiende bila wakili.

Sasa ile video. Kwa Kenya, haijakuharibia. Sheria yetu haihesabu utangazaji uliofanywa na mvumbuzi mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha ombi, nawe ulikuwa na miezi minne tu. Tunza ushahidi wa tarehe uliyoipandisha, kwani mtu anaweza kuliibua jambo hilo siku moja. Hata hivyo msamaha huu umezaa dhana potofu kwamba mtu anaweza kutangaza kwanza na kuomba baadaye popote duniani. Ulaya, kwa mfano, haimsamehei mvumbuzi aliyejitangazia mwenyewe, isipokuwa katika maonyesho machache rasmi ya kimataifa. Tena msamaha haumhusu mtu mwingine aliyebuni kitu hicho kivyake na kukitangaza katika miezi hiyo. Wasomaji wengine wanaonisoma hapa wenye kitu kipya mikononi, tafadhalini, ombi litangulie, video ifuate.

Suala la Dar es Salaam lazima nilieleze wazi, hata kama halitakufurahisha. Hakuna hataza ya Afrika Mashariki, wala hakuna hataza ya dunia. Hataza ya KIPI inafanya kazi ndani ya mipaka ya Kenya tu. Tanzania Bara ina sheria yake na usajili wake kupitia BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na Zanzibar ina sheria na ofisi yake mbali na hiyo. Katika miezi 12 ya kwanza baada ya kuwasilisha ombi lako ungeweza kulitumia kama msingi wa kuomba nchi nyingine ukiwa na tarehe ile ile, kwa haki ya kipaumbele inayotokana na Mkataba wa Paris wa 1883. Ungeweza kwenda ARIPO, shirika la kikanda lenye makao Harare, ambako chini ya Itifaki ya Harare ya 1982 ombi moja linaweza kutaja Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na nchi nyingine wanachama. Au ungeweza kutumia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, unaokupa kwa nchi nyingi miezi 30 tangu tarehe ya kwanza kabla ya kuamua ni nchi zipi uingie. Muda huo wa miezi 12 wa kuanza njia hizo umekwisha. Na kwa kuwa maombi huchapishwa baada ya miezi 18, ombi lako mwenyewe sasa ni hati ya hadharani inayoondoa upya wa ombi lolote jipya utakalolipeleka Tanzania kwa mashine ile ile.

Maana yake ni kwamba kampuni hiyo inaweza kuitengeneza na kuiuza mashine yako Tanga au Pwani bila kukuomba ruhusa, na hutakuwa na kesi. Lakini ikitaka kuileta Kenya, iwe kupitia Lunga Lunga au kwingineko, hataza yako ikishatolewa itakupa haki ya kuizuia, kwa sababu kuingiza bidhaa nchini ni miongoni mwa mambo ambayo mwenye hataza pekee ndiye anayeruhusiwa kuyafanya au kuyaruhusu. Hivyo usiwauzie "hataza ya Afrika Mashariki" ambayo haipo. Ukiahidi hivyo katika mkataba, wewe ndiye utakayedaiwa. Unaweza kuwauzia vitu halisi: michoro kamili ya kiufundi, mafunzo kwa mafundi wao, vipuri, na leseni au umiliki wa haki zako za Kenya. Mkataba wowote unaogusa haki hizo uandikwe, usainiwe na usajiliwe KIPI. Na kama kuna mwenzako aliyechangia wazo la kilango, wala si kuchomelea tu, jina lake liwe limeandikwa kama mvumbuzi kabla ya mazungumzo hayo, kwani mgogoro wa wenyewe kwa wenyewe huvunja mikataba haraka sana.

Yapo mambo mawili ambayo sitaki uyafanye peke yako. La kwanza ni kuwasilisha dai lililorekebishwa bila kulipitisha kwa wakala wa hataza aliyesajiliwa. Ombi uliliandika mwenyewe na hilo ni la kupongezwa, lakini neno moja lililoongezwa kwenye dai katika hatua hii huwa halirudishwi kirahisi, na gharama ya wakala kwa jibu moja ni ndogo kuliko ya kuanza upya, jambo ambalo kwako halipo tena. Kama uwezo ni mdogo, anza kwa kuwauliza KIPI wenyewe, ofisini kwao South C jijini Nairobi, au kwenye vituo vya kusaidia teknolojia na ubunifu vilivyomo katika baadhi ya vyuo vikuu. Watakueleza utaratibu na kukusaidia kutafuta hati, ijapokuwa hawatakutetea. La pili ni kusaini chochote na kampuni ya Dar es Salaam kabla wakili hajakisoma. Jihadhari pia na mtu yeyote anayekuahidi kwamba "ana mtu wake ndani" au anayekutumia ankara ya kusajili hataza yako kimataifa. Ada halali unaijua kutoka KIPI na unailipa kwa njia ambazo KIPI imezitangaza.

Ukienda kwa wakala, beba barua ya mkaguzi yote, ombi kama lilivyowasilishwa pamoja na michoro, risiti za ada, ushahidi wa tarehe ya video, na nakala ya hati ya India uliyokwisha kuisoma na kuipigia mstari pale inapofanana na mashine yako na pale inapotofautiana nayo. Kama unaweza, beba pia video fupi inayoonyesha kwa karibu roli ikirudi nyuma na kilango kikijifunga, kwa sababu yeye ndiye atakayelazimika kuugeuza mwendo huo kuwa maneno.